Tuta la Mke wa Kinyozi

Mtaa mzima ulijua kwamba Kinyozi na bustani hawaivi chungu kimoja. Bustani yenyewe ilikuwa nyuma ya majengo, mahali palipokuwa jalala hapo zamani, na watu wa mtaa waliifungua kwa mikono yao. Waliondoa chupa, matairi na godoro moja lenye panya wengi kuliko pamba, wakachimba, wakagawana matuta. Hakuna aliyelipwa hata senti. Kila Jumamosi asubuhi waliojitolea walishuka na majembe na ndoo, na kila Jumamosi asubuhi Kinyozi alisimama mlangoni pa kibanda chake cha kunyolea, kitana mkononi, akiwapigia kelele.

"Nendeni, nendeni! Lakini mkirudi na udongo kwenye kucha, kiti changu mkisahau!"

Aliyecheka kuliko wote alikuwa mkewe, na bustani ilikuwa ni fikra yake tangu mwanzo. Mwaka uliotangulia mimba yao ya kwanza iliharibika, na kwa muda mrefu mwanamke huyo alikaa chumbani akitazama ukuta. Halafu asubuhi moja akashuka ngazi, akaazima koleo, akaanza kuzoa takataka peke yake. Kinyozi alimwona kwa mbali na hakuuliza neno. Tangu siku hiyo aliitania bustani kwa mdomo tu. Moyoni aliishukuru, ila hilo hakumwambia mtu, maana alikuwa na jina la kulinda.

Sheria za bustani mkewe ndiye aliyezitunga, na zilikuwa chache. Maji ya bomba ni kwa zamu. Mbolea haichaguliwi, ukipewa ya kuku ni ya kuku. Na tunda la kwanza la kila tuta haliondoki bustanini: mwenye tuta hulikata vipande palepale, na kila aliyepo anapata chake, hata kikiwa kidogo kama ukucha. Sheria hii ya mwisho ndiyo watu waliyoipenda, kwa sababu ilikuwa na makelele mengi.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, mkewe alikuwa mjamzito tena, na alikuwa ametoka tu kupanda miche ya nyanya. Siku moja alirudi kutoka kliniki amefunga mdomo. Alikaa kitandani, akavua viatu pole pole.

"Daktari amesema nilale," akasema. "Ngazi marufuku. Ndoo marufuku. Kuinama ndio kabisa, nisiwaze hata ndotoni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtoto atoke."

Walikuwa wakikaa ghorofa ya tatu, chumba kimoja na sebule, na dirisha lao lilitazama barabarani. Bustani ilikuwa upande wa pili kabisa. Mkewe asingeweza hata kuichungulia.

"Na nyanya zangu?" mkewe akauliza, na sauti ikamtetemeka kidogo. Lile tetemeko Kinyozi alilifahamu. Alilisikia mwaka jana.

"Nyanya zako nitazitunza mimi."

Mama mkwe, aliyekwisha kuwasili na begi lake na kulitwaa kochi lote, aliangua kicheko mpaka akafuta macho kwa pindo la kanga.

"Wewe, mkwe wangu? Wewe uliyeua ua la plastiki?"

"Mama, lile liliyeyuka kwa jua."

"Ndiyo hiyo hiyo kufa."

Mkewe naye akacheka, na Kinyozi akaona afadhali achekwe yeye kila siku kuliko ule ukuta kupata mtazamaji tena. "Nitazitunza," akarudia. "Ukishuka na mwanao, utakuta nyanya." Akatoka kabla hajaulizwa zinamwagiliwa mara ngapi.

*

Jumamosi iliyofuata Kinyozi alifunga kibanda na kushuka bustanini amevaa viatu vyake vya kwenda harusini, maana vingine hakuwa navyo. Watu walisimamisha majembe.

"Jamani, tumepata mgeni rasmi!" akasema Fundi Viatu, jirani yake wa miaka mingi, ambaye tuta lake lilipakana na la mkewe. "Mleteeni kiti!"

"Mleteeni samadi," akasema Bibi Funguo.

Huyu alikuwa mama mmoja mfupi, mkali, aliyeshika ufunguo wa stoo na wa bomba, na alizivaa zote shingoni pamoja na funguo nyingine ambazo hakuna aliyejua zinafungua nini. Hakuwa na muda wa utani. Alimpa Kinyozi beleshi na toroli lenye tairi moja bovu, akamwonyesha rundo. Saa sita mchana viatu vya harusi vilikuwa si vya harusi tena, na Kinyozi alikuwa amejifunza kwamba mgongo una misuli ambayo mtu anaweza kuishi nayo hadi utu uzima bila kutambulishwa.

Alasiri alipofungua kibanda, mteja wake wa kwanza alikaa, akanusa, akanusa tena.

"Kinyozi, leo umepaka mafuta gani?"

"Ya ng'ombe," akasema Kinyozi. "Inamisha kichwa."

Basi ikawa hivyo. Kila alfajiri, kabla ya kufungua, alipita bustanini na ndoo zake, kisha akapanda ngazi kutoa taarifa. Mkewe alimngoja ameegemea mito miwili, na maswali yalikuwa yale yale.

"Hazijambo?"

"Hazijambo. Zinakusalimia. Na huyo?"

"Huyu hajambo. Amecheza." Siku moja mkewe akamvuta mkono. "Hata sasa anacheza. Hebu shika."

Kinyozi akaurudisha mkono haraka. "Mikono ina mbolea."

"Si umenawa?"

"Bado inanuka. Kesho."

Kesho nayo mikono ilikuwa na mbolea, na keshokutwa, na wiki nzima. Ukweli ni kwamba Kinyozi alikuwa anaogopa. Mara ile ya kwanza alikuwa akilishika tumbo asubuhi na jioni, akiongea nalo, akilisimulia habari za wateja. Halafu ikatokea ile asubuhi ambayo hapakuwa na wa kusimuliwa. Sasa akajiambia kwamba mikono yake ikae mbali, ishike ndoo, ishike mkasi, lakini pale isiguse. Mkewe aliona, na hakumlazimisha.

*

Masika yakaja kwa fujo. Mvua ilinyesha siku na siku, mitaro ikafurika, wateja wakaacha nywele ziote. Bustanini kila kitu kilishangilia. Minyanya ya mkewe ilirefuka, ikatapakaa, matawi yakaingiliana, mengine yakavuka mpaka na kuegemea kwa Fundi Viatu bila hata kubisha hodi.

Kinyozi alisimama mbele ya tuta asubuhi moja mvua ilipokuwa imepumzika, akalitazama kwa jicho la kazi yake. Aliona kichwa ambacho hakijapitiwa na kitana tangu kuzaliwa. Kilimkera. Pembeni kimevimba, juu hakiko sawa, nyuma ndio usiseme. Akarudi kibandani akachukua mkasi wake mzuri, ule wa wateja wa maana.

Alianzia upande wa kushoto. Alikata, akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja, akasawazisha. Alipunguza juu pote pakawa sare, akazungusha pembeni, akachonga kona. Alipomaliza alikung'uta majani kwa brashi ya shingoni. Lo, lilipendeza! Alijisikia fahari kiasi kwamba hakutaka kufaidi peke yake.

"Mama!" akamwita Bibi Funguo aliyekuwa stoo. "Njoo uone kazi!"

Bibi Funguo akaja. Akalitazama tuta, kisha akatazama chini, ambako vishada vya maua madogo ya njano vilikuwa vimelala kwenye tope. Funguo shingoni ndizo zilizosikika.

"Mwanangu," akasema taratibu, na yeye akisema taratibu ndipo watu huogopa, "nyanya inatokea wapi?"

"Kwenye mnyanya."

"Kwenye ua la mnyanya. Haya, maua yako wapi?"

Kinyozi akatazama pale chini. Fundi Viatu naye akafika, akaona, akashika kiuno.

"Salaale! Amelinyoa denge! Jamani njooni, tuta la watu limenyolewa denge!" Akacheka mpaka akakalia ndoo iliyojaa maji. Ila alipoinua macho na kuuona uso wa Kinyozi, kicheko kikamkatikia njiani.

"Asijue," Kinyozi akasema. "Jamani, nawaomba. Nimemwahidi nyanya. Akisikia nimeziua, atadhani..." Hakumaliza. Hakuna aliyemtaka amalizie, wote walikuwepo mwaka jana.

Bibi Funguo akainama, akachunguza vikonyo kimoja kimoja.

"Hazijafa. Zitachipua pembeni, zitatoa maua mengine. Lakini zitachelewa sana." Akanyoosha kiganja. "Lete huo mkasi."

"Mama, huu ni wa kazi."

"Basi ukija huku uuache kazini. Nikiuona tena nitakunyoa nao mwenyewe."

Wakakubaliana, na makubaliano yalichukua muda mfupi kuliko kugawana zamu za maji: hakuna atakayesema. Watu wa ngazi ile, wenye midomo isiyo na kitasa, walibeba siri hiyo wakapita nayo mlangoni pa ghorofa ya tatu kila siku kama yai.

*

Shida ilianza nyanya za wengine zilipoiva.

"Fundi Viatu ameshavuna," mama mkwe akatangaza akimenya vitunguu. "Nimemkuta na bakuli limejaa. Na yeye alipanda siku moja na mwanangu."

Mkewe akageuza kichwa kwenye mto. "Zangu je?"

"Zako?" akasema Kinyozi. "Zako ziko karibu. Hata kesho."

Akashuka ngazi mbio, akamweleza Bibi Funguo yaliyomfika. Bibi Funguo alisonya, akamwita majina mawili matatu yasiyoandikika, kisha akaingia kwenye tuta lake na kuchuma nyanya moja, nyekundu, imeshiba. "Mpelekee. Halafu uje uzibue ule mtaro wa nyuma."

Mkewe aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule.

"Hii ndiyo ya kwanza?"

"Ya kwanza kabisa."

"Kwenye tuta langu?"

"Sasa la nani?"

Mkewe akamtazama usoni kwa muda. Halafu akaanza kucheka. Alicheka, akashika ubavu, akacheka tena, mpaka mama yake akamkemea asije akazaa kabla ya siku zake. Kinyozi akacheka naye, kifua mbele, akidhani ni furaha ya mavuno. Nyanya ililiwa kwa chumvi, na mbegu zikamchuruzika mkewe kidevuni.

Kuanzia hapo hapakupita siku mbili bila nyanya. Watu walimwekea. Fundi Viatu alitoa zake, ila kila alipotoa alikaa kitini anyolewe bure, na kichwa chake hakikuwa na nywele za kustahili safari zote hizo. Mama mmoja wa jengo la mbele alitoa mbili na kumtuma Kinyozi amkamulie nguo. Wengine walimpa tu, wakamkonyeza. Kinyozi alipanda ngazi na uongo wake mkononi, na kila alipoufikisha salama alimwona mkewe amenawiri, akipata usingizi, akitania. Akajiambia uongo huu ni dawa.

"Tamu?"

"Tamu. Na za juzi zilikuwa tamu. Tuta langu lina mambo mwaka huu, kila nyanya na umbo lake."

"Ni mbolea," akasema Kinyozi.

Ikaja siku moja ya mvua ya kutwa. Alimkuta mkewe amelala ubavu, mikono yote miwili juu ya tumbo, na mama mkwe amekaa ukingoni mwa kitanda bila kazi yoyote mkononi, jambo ambalo si kawaida yake. Begi lilikuwa mlangoni, limefungwa.

"Begi la nini?" Kinyozi akauliza.

"Nimepanga nguo tu," akasema mama mkwe. "Mtu hapangi nguo?"

"Na huyo? Amecheza?"

"Amecheza asubuhi," mkewe akasema. "Sana. Nyanya ziko wapi?"

Akatoa nyanya mfukoni, akampa. Mkewe akaila yote bila chumvi. Kinyozi akashuka ngazi akipiga mluzi.

*

Mtoto alizaliwa kipupwe kilipoingia, asubuhi yenye baridi na jua jepesi. Wa kike, mzima, na sauti yake ilifika korido ya pili. Nesi alimpa Kinyozi amshike, na yeye, mtu aliyeshika vichwa vya mtaa mzima, hakujua hiki kimoja akishikeje. Alilia mbele za watu bila kujificha. Mama mkwe alimpa pindo la kanga apangusie kamasi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kumtania.

Bustanini nako kulikuwa kumebadilika. Minyanya ya watu ilishazeeka, imeng'olewa, matuta yamepandwa mboga za majani. Lililobaki na nyanya ni tuta moja tu. Baada ya denge lile minyanya ilinuna muda mrefu, ikachipua pembeni, mvua ikaangusha maua yake ya kwanza, ikatoa mengine. Sasa ilikuwa mifupi, minene, imejaa matunda mabichi, na moja chini chini, karibu na udongo, lilikuwa limeanza wekundu. Kinyozi alilifunika kwa majani ndege wasilione. Kila asubuhi alifunua, akachungulia, akafunika.

Mkewe aliporuhusiwa kushuka, alichagua Jumamosi. Watu walikuwa wamejaa. Alikuja pole pole, mtoto kifuani ndani ya blanketi, mama yake nyuma na mwavuli ingawa hapakuwa na jua wala mvua. Shangwe zilipigwa, ndoo zikagongwa. Akafika mbele ya tuta lake akasimama.

"Mbona fupi?"

Bibi Funguo akapata funguo za kuchambua. Fundi Viatu akapata kikohozi.

"Ndiyo fasheni," akasema Kinyozi.

Mkewe akamkabidhi mama yake mtoto, akachutama, akafunua majani. Akaichuma ile nyanya, akasimama nayo.

"Haya, jamani. Sogeeni. Nani ana kisu?"

Kinyozi akaingiza mkono mfukoni kwa mazoea, ukatoka na mkasi.

"Weka chini!" watu wakapiga ukelele kwa pamoja, na Bibi Funguo akawa ameshaupora. Mkewe akawatazama mmoja mmoja, kisha akalitazama tena tuta, juu pamekaa sare, kona zimechongwa. Akaelewa. Alicheka kicheko ambacho bustani ile haikuwa imekisikia tangu kiangazi.

"Umezinyoa!" akasema. "Mume wangu, umezinyoa nyanya zangu!"

"Nilizipunguza tu!"

Watu wakavunjika mbavu, siri ikamwagika yote kwa vinywa vyote, kila mtu akitaka asimulie sehemu yake. Mkewe akakata nyanya kwa kisu cha Fundi Viatu, vipande vyembamba, akagawa. Mama mkwe alipewa chake akiwa amemkumbatia mjukuu, akasema, "Lakini huyu tunda la kwanza hagawiwi. Nimesema mapema."

Kinyozi alimsogelea mkewe pembeni, karibu na bomba. "Sasa zile nilizokuletea, ulidhani zimetoka wapi?"

"Kwa watu. Nilijua tangu ile ya kwanza."

"Ulijuaje?"

"Tunda la kwanza haliondoki bustanini. Sheria niliitunga mimi, na ninyi nyote mlisahau. Hata Bibi Funguo!"

Kinyozi akajipiga paji la uso. Halafu kitu kingine kikamjia, akapunguza sauti. "Kwa hiyo ulijua nakudanganya kila siku, na hukusema?"

Mkewe alichezea kipande chake cha nyanya.

"Nilisema moyoni, anayehangaika hivi kuniletea uongo, huyo yuko pamoja nami," akasema. "Na tena nilikuwa nakudanganya na mimi. Unakumbuka ile siku ya begi?"

"Ya mvua."

"Ulipouliza, alikuwa hajacheza tangu alfajiri. Tulikuwa tunangoja gari la kwenda hospitali. Nikakwambia amecheza sana, kwa sababu ulikuja na nyanya yako, na ulikuwa na uso wa mtu mwenye raha. Nikashindwa. Ulipotoka tu akanipiga teke. Nikalia na mama mpaka tukachoka." Akafuta jicho kwa mkono wenye maji ya nyanya. "Kuna siku nyingine pia. Si moja."

Kinyozi alifikiria ngazi zile alizoshuka akipiga mluzi. Kelele za watu ziliendelea nyuma yao. Mama mkwe akaja, akamrudishia mkewe mtoto, akawaacha.

"Kwa hiyo sote tulikuwa waongo," akasema Kinyozi.

"Sote." Blanketi likatikisika. Mkewe akatabasamu. "Huyo, ameamka. Anacheza."

"Kweli au uongo?"

"Shika mwenyewe."

Kinyozi akaitazama mikono yake. Ilikuwa na udongo, na samadi ya asubuhi, na mbegu za nyanya. Akaiingiza ndani ya blanketi hivyo hivyo.